Tairi Jepesi kwa Njia ya Mtangawanda

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumatatu, tarehe nne ya mwezi wa Rajabu. Wako watakaowaambieni kwamba niliajiriwa baada ya Maulidi. Wamekosea, nami nawasamehe, kwa kuwa si wao waliovuka kwenda Mokowe asubuhi ile wakiwa na vyeti ndani ya bahasha ya kaki.

Wakati huo nilikuwa mjane kwa mwaka wa tisa. Marehemu mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mashine za boti hapa Langoni, mjini Lamu, na karakana yake ilikuwa chini ya chumba chetu cha kulala. Kwa miaka mingi nilimpa spana kabla hajaitaja. Alipofariki nilikaa eda, nikaimaliza, kisha nikajiandikisha katika darasa la watu wazima. Mtihani wa darasa la nane niliufanya nikiwa nimezungukwa na watoto wa rika la wajukuu wangu, na wa kidato cha nne vivyo hivyo. Jirani mmoja alinambia, "Bi Mwanamkuu, hiyo hisabati utaipikia nini?" Nilimjibu kwamba sijui bado, lakini nikijua nitamletea sahani.

Shirika lililoniajiri lilikuwa likiwahudumia akina mama wajawazito wa visiwani. Bohari lake la vipuri lilikuwa Mokowe, upande wa bara, mahali ambapo gari hukoma na boti ikaanza. Mkuu wa Bohari, mzee mfupi kutoka Garsen, hakupoteza muda kwa maamkizi marefu. Alinionyesha tairi lililoegemezwa ukutani.

"Bi, hebu soma hapo ubavuni."

Nikasoma upana wake, kimo cha ubavu, ukubwa wa rimu na nambari ya uzito ambao tairi lile liliweza kubeba. Nilisoma kwa sauti ya darasani.

"Umesoma vyema. Sasa niambie limezaliwa lini."

Nilidhani ananitania. Akainama akaweka kidole penye kiduara kidogo chenye tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. "Tairi halingoji litembee ndipo lizeeke," akasema. "Huzeekea papa hapa, kwa joto na chumvi, kama posa isiyojibiwa. Ukiona limekaa sana, hata meno yake yakiwa mapya, usimpe dereva."

Mimi ni mtu wa tarehe. Kujua kwamba hata mpira mweusi una tarehe yake ya kuzaliwa kulinifariji kuliko maneno yote ya kunikaribisha. Nilikaa Mokowe chini ya mzee huyo hadi nikawa naweza kulijua tairi kwa mkono kabla ya jicho kulifikia. Ndipo nikahamishwa kwenda Mtangawanda, kwenye gati la kisiwa cha Pate, nikiwa Msimamizi wa Gari. Nasema gari, kwa sababu lilikuwa moja tu.

Lilikuwa gari la aina inayoitwa krosova: umbo lake ni la gari dogo la mjini, ila limeinuliwa kidogo ili tumbo lisikwaruze mawe. Watu hulitazama kimo chake wakadhani lina nguvu za gari kubwa. Halina. Injini yake ni ndogo, na katika hilo letu magurudumu yaliyovuta yalikuwa mawili tu, ya mbele. Kazi yake ilikuwa kuwachukua akina mama walioshikwa na uchungu wenye matatizo katika vijiji vya kaskazini, Kizingitini na Faza, kuwapitisha Siyu na kuwafikisha Mtangawanda, ambako boti ya mwendo wa kasi iliwangoja kuwapeleka hospitali ya Lamu. Muuguzi Mkuu wa zahanati yetu, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, ndiye aliyeamua ni nani anayefaa kusafirishwa. Mimi niliwajibika kwamba akishaamua, gari lifike.

Dereva alikuwa Bwana Athmani, aliyekuwa nahodha wa boti za abiria kabla ya magoti kumkataza. Aliacha bahari lakini hakuacha lugha yake. Sehemu ya mbele ya gari aliiita omo, na ya nyuma tezi, kama chombo. Siku ya kwanza alinifungulia mlango akasema, "Bi, kaa omo. Tezi ni pa wagonjwa."

Gari lilikuja na tairi za lami. Meno ya tairi za aina hiyo ni mafupi na yamebanana, yafaa barabara iliyosakafiwa, lakini katika mchanga huteleza kama sabuni. Mara mbili tulisukumwa na vijana wa Siyu. Nikaitwa Langoni, kwenye ofisi kuu, kwa Meneja wa Uchukuzi, bwana wa Nyahururu aliyekuwa amewahi kusimamia malori ya Garissa.

"Bi Mwanamkuu, hili halina mjadala," alisema. "Weka tairi za lori dogo. Mbavu zake ni nene, tabaka juu ya tabaka. Yale mawe yenu ya matumbawe hayatazifanya kitu."

"Na gari je, Bwana Meneja? Lile si lori."

"Tairi gumu halijawahi kumdhuru mtu."

"Mtu yupi? Aliyeshika usukani au aliyelala kiti cha nyuma?"

Akanitazama. Kisha akaniambia, bila hasira, kwamba huko Garissa aliwahi kukaa kando ya njia na dereva wake baada ya tairi kupasuka ubavuni, maji yakiwaishia, na kwamba tangu siku hiyo hawezi kusikia neno jepesi likitajwa pamoja na tairi. Hakuwa mjinga, na jambo hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu mjinga angenipa raha ya kumpuuza.

Nikamweleza nilichokiona. Tairi la lori dogo ni zito, na injini ndogo hulazimika kulizungusha tairi lenyewe kabla ya kulisukuma gari. Mbavu zake ni ngumu, kwa hiyo hata ukilipunguzia upepo halilegei. Huchimba mchanga badala ya kuupanda. Tena huruka juu ya kila jiwe, na mama mwenye uchungu huruka nalo. Baina ya hilo na tairi la lami kuna la tatu, tairi jepesi la njia zote: meno yake ni ya wastani, yameachana kiasi cha kuutapika mchanga, na mbavu zake ni laini, hivi kwamba ukilitoa upepo kidogo hutanda chini kama kiganja.

"Na jiwe likilikata hicho kiganja?"

Nilisema, "Patakuwa na spea, na dereva atakwenda kwa makini."

"Masika hii moja," akasema. "Likiharibika moja tu ubavuni, nitaleta za lori. Sipendi kukuudhi, Bi, lakini mama akikwama njiani mimi ndiye nitakayekwenda kuwatazama watu wake machoni."

"Tutakwenda sote, Bwana Meneja," nikasema.

Tairi zikaja, changa kwa tarehe, nikazipokea mwenyewe gatini. Kutoka siku hiyo sikuwa na raha. Nikikosea kwa upande mmoja, mama atakwama katika mchanga ulio baina ya Siyu na Mtangawanda. Nikikosea kwa upande mwingine, atakwama katika mawe yanayofuata. Hapakuwa na upande wa tatu wa kukosea bila madhara. Kila asubuhi baada ya Alfajiri nilizipapasa mbavu za tairi zote nne kwa kiganja, nikitafuta uvimbe au mkwaruzo. Muuguzi Mkuu alinikuta hivyo akasimama na glavu zake mkononi.

"Mgonjwa wako ameamkaje?" akauliza. "Wangu ana homa."

Bwana Athmani naye hakuzipenda. "Gari limekuwa jepesi, Bi. Larukaruka. Halina adabu." Nilimweleza kwamba apunguze upepo kwa kipimo nilichomwandikia ubaoni, na akafanya. Nikadhani maneno yamekwisha.

Yaliyofuata yalitokea Alhamisi, tarehe ishirini na moja mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mvua ikiwa imekatika tangu alfajiri. Simu ilitoka Kizingitini. Mwari aitwaye Somoe, mimba yake ya kwanza, alikuwa ameanza kutoka damu na mtoto alikuwa hajashuka. Muuguzi Mkuu alikuwa huko tayari kwa kliniki ya wiki. Alisema maneno manne tu: "Upasuaji. Lamu. Njooni sasa." Boti ikaagizwa isubiri gatini. Nilipanda omo pamoja na Bwana Athmani, tukaenda. Kwenda hakukuwa na tabu. Tulikuwa wawili, na penye mchanga mzito njia huteremka kwa anayetoka Mtangawanda.

Kurudi tulikuwa watano. Somoe alilazwa kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa mkwewe, Bi Rukia, na Muuguzi Mkuu akajikunja miguuni pake akiwa ameishika chupa ya maji ya mshipa juu. Tulipita Faza, tukapita Siyu. Kisha tukaufikia mchanga, na sasa njia ilikuwa ikipanda. Magurudumu ya mbele yalianza kuzunguka bure. Nililisikia hilo kabla ya kuliona, ule mlio mwembamba wa tairi lisiloshika kitu. Gari lilisimama limeinua pua.

Nilishuka. Tairi za mbele zilikuwa zimetanda vizuri, kama nilivyotaka, lakini hazikuwa zimeukandamiza mchanga. Zilikuwa zimeugusa tu, mithili ya mtu anayeonja uji. Za nyuma zilikuwa zimebonyea hadi karibu na rimu. Nikaenda nyuma nikafungua buti ili nitoe koleo, nikaondoa mkeka uliokuwa juu. Chini yake palikuwa na magunia manne, yamejaa, yamefungwa midomo kwa ustadi.

"Bwana Athmani, hizi ni nini?"

Alikuwa amekuja kusimama kando yangu. "Farumi, Bi."

"Farumi?"

"Mtanga. Chombo kikiwa chepesi hutiwa uzito tini ili kitulie. Gari lilikuwa likiruka, nikalitia farumi. Tangu hapo limetulia."

Nawaeleza vijana msiojua: nahodha akisafiri bila shehena hutia mawe au mtanga, yaani mchanga, chini ndani ya chombo, na uzito huo ndio farumi. Katika bahari ni busara. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, uzito ukiwekwa nyuma huinyanyua mbele, na magurudumu yanayovuta hukosa cha kukamata. Bwana Athmani alikuwa amelitendea gari wema wote aliokuwa nao.

"Na spea iko wapi?" nikauliza, maana tairi letu jipya lilikuwa kubwa kwa shimo la spea na tulikuwa tukililaza juu ya sakafu ya buti, mahali pale pale palipokuwa na magunia.

"Hapakutosha vyote viwili," akasema. "Iko bandani."

Kutoka ndani Bi Rukia alitoa kichwa dirishani. "Nyinyi wawili, ikiwa hiki ni chombo, twekeni tanga twende. Mwanangu aniganda mkono."

"Twenda, mama," Bwana Athmani akasema kwa sauti ndogo.

Tuliyatupa magunia njiani, yeye mawili na mimi mawili, kwa magoti yake mabovu na mgongo wangu wa mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Gari likashusha pua. Nilimwomba Muuguzi Mkuu asogee hadi kiti cha mbele kwa dakika chache ili uzito wake uwe omo, naye alinipa chupa ya maji ya mshipa niishike kupitia dirishani huku nikisukuma kwa mkono mmoja. Tairi zikashika. Zilishika polepole, bila kuchimba, zikaupanda mchanga ule kama kiganja kinachopanda ukuta, na gari likatoka. Sijawahi kuona kitu nilichokichagua kikifanya kazi yake waziwazi namna ile, wala sikupata nafasi ya kufurahi.

Maana nilipozunguka nyuma niliuona ubavu wa tairi la kushoto. Kwa kubeba magunia, upepo ukiwa mdogo, ulikuwa umebonyea ukasagwa na jiwe mahali fulani huko nyuma. Palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai la kuku. Maana yake ni kwamba nyuzi za ndani zimekatika na kilichobaki kuuzuia upepo ni ngozi ya mpira. Mbele yetu palikuwa na mawe ya matumbawe hadi karibu na gati, na spea ilikuwa bandani.

"Litafika?" Muuguzi Mkuu akauliza.

"Mgonjwa wako aweza kungoja tulipeleke kwa mwendo wa mguu?"

"Aweza kungoja kidogo. Hawezi kukwama."

Nikamwambia Bwana Athmani anifuate mimi, aweke gurudumu la kushoto nitakapoonyesha, wala asitazame pengine. Nilivua viatu, nikakusanya buibui kwa mkono mmoja, nikatangulia mbele ya gari. Nilichagua njia jiwe kwa jiwe. Palipo na ncha nilimpungia aende kulia. Palipo laini nilimwita kwa vidole. Nyuma yangu nilimsikia Somoe, na nilipokosa kumsikia nilitishika zaidi. Mara moja gurudumu la nyuma lilikwaruza, nikasimama na kufumba macho nikingojea mlipuko. Haukuja.

"Usilale, Bi," Bwana Athmani akaita. "Nahodha ni wewe yeo."

Tulifika gatini mnamo adhuhuri. Wanaume wa boti walimchukua Somoe katika mkeka wake, Muuguzi Mkuu akaingia naye, Bi Rukia akafuata bila kutuaga. Mimi nilibaki nimekaa juu ya ukuta wa gati, miguu ikitoka damu kidogo, simu mkononi. Bwana Athmani alikaa mbali kidogo nami.

Simu ilikuja baada ya Alasiri. "Mtoto wa kike, analia," Muuguzi Mkuu alisema. "Mama amepewa damu. Bado hajafumbua macho." Aliyafumbua kesho yake, Ijumaa, watu wakiwa wametoka msikitini. Baina ya simu ile na hiyo ya pili, sikumbuki nilikula nini.

Jumamosi Meneja wa Uchukuzi alivuka. Tairi lilikuwa limeegemezwa bandani, uvimbe ukimwelekea. Akainama, akaugusa kwa kidole.

"Ubavuni," akasema.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu, na yote yalikuwa ya kweli, lakini kila nilivyoyapanga yalimfukuza Bwana Athmani kazi. Nilipofungua kinywa, yeye alikuwa ameshatangulia.

"Tairi halina kosa, Bwana Meneja. Nililitwika mtanga nyuma, kisha nikaacha spea nyumbani. Nilitia farumi."

"Farumi ni nini?"

"Ni mzigo wa kukitia chombo akili."

Meneja alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Na nyinyi wawili mwatiwa wapi?" akauliza. Kisha, badala ya kuamua, alifanya jambo ambalo sijaona mkubwa mwingine akilifanya. Aliamuru liwekwe tairi la spea, buti liwe tupu, tuende Siyu na kurudi; naye akajilaza kiti cha nyuma, mtu mzima, magoti yakiwa kidevuni. Tuliuvuka mchanga. Tuliyavuka mawe. Gatini akashuka akijinyoosha kiuno.

"Kwa zile za lori ningekuwa nimeshatapika," akasema. "Agiza nyingine kama hizi. Na buti hilo liwe na spea, koleo na pampu, basi. Bwana Athmani, nikikuta hata kibaba cha mchanga humo, utaula."

Alimkata dereva posho ya mwezi na hakumfukuza. Sikumsikia tena akilitaja jambo hilo mbele ya watu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa ofisi kuu ya Langoni, chini ya Bi Mratibu wa shirika, ambako kazi yangu ilikuwa kuwafunza wengine. Huulizwa mara nyingi, hata leo nikiwa sokoni, ni tairi gani bora. Vijana hunionyesha picha katika simu, meno makubwa, herufi nyeupe ubavuni, na husikitika nikiwauliza gari lina uzito gani, magurudumu yapi yanavuta, na ni nani atakayekaa nyuma. Wao walitaka jina. Mimi sina jina la kuwapa. Ninao utaratibu mmoja tu, na niliusimamia hadi mwisho: asiyeitembea njia kwa miguu kutoka upande mmoja hadi wa pili asitie sahihi kwa tairi litakalopita juu yake. Wengine waliuona ni ukali wa mwanamke aliyesoma ukubwani. Huenda ni kweli. Aliyesoma ukubwani hana muda wa kujifunza jambo hilo hilo mara mbili.

Nilistaafu Jumatano, tarehe kumi mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Siku mbili kabla yake nilivuka kwenda Mtangawanda pamoja na msichana aliyeteuliwa kushika nafasi yangu, mhitimu wa Mombasa, mwenye viatu vyeupe. Tulianza kutembea kuelekea Siyu. Nilimwonyesha mawe, naye akapiga picha. Akauliza maswali mazuri, mengine sikuweza kuyajibu. Tulipoufikia mchanga alivua viatu mwenyewe.

Hapo tukasikia gari. Lilikuwa likitoka upande wa Siyu, na kwa jinsi lilivyokuja, bila haraka na bila kusita, nilijua kuna mtu amelala nyuma. Yule msichana aliinua mkono kusalimu. Nikamshusha mkono wake. Tulisogea kando ndani ya nyasi tukasimama tuli, nami nikasikiliza, kama nilivyosikiliza miaka yote, mlio ule mwembamba ambao sikutaka kuusikia.

Bwana Athmani alitupita karibu kiasi cha kuniona. Hakupunguza mwendo, hakuinua hata kidole, macho yake yalikuwa njiani. Gari likaupanda mchanga, likapotelea kwenye mawe.

"Hakutusalimia, Bi," msichana akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Twende, bado hatujafika nusu."